Hukufuta Kitu, Salma

Salma mwanangu,

Niko bironi, hapa ofisini kwangu pa kuchapia. Nimefunga mlango tangu saa tisa, mtu akija kwa fotokopi ataenda kwa jirani. Nyumbani nisingeweza kuandika. Ningekusikia chumba cha pili ukikunja nguo na kumuuliza mama yako hili na lile, na kalamu ingesimama. Tena naandika kwa mkono. Unajua mwandiko wangu ni mbaya, lakini kwenye mashine ningeanza kupanga maneno yapendeze, na barua hii haifai kupendeza.

Habari za sweta, dawa ya tumbo, watu wa kupigia simu ukifika Kigali, mahali pa kuficha kitambulisho chako, hayo mama yako ameshayasema na kesho asubuhi atayasema tena. Mimi sina la kuongeza. Nina jambo moja tu, na lina miaka minane.

Hukulifuta faili la Mzee Atanazi. Hakuna mtu aliyelifuta. Halikufutwa kamwe. Nililijua hilo miezi michache tu baadaye, na nimekaa nalo kimya mpaka leo.

Nimeandika mistari hiyo nikasimama, nikazunguka meza, nikarudi. Sasa nikueleze tangu mwanzo, maana ulikuwa na miaka kumi na moja, na sehemu kubwa ya mambo haya hukuyaona.

Unajua watu wa hapa Kamembe wananiita Enjenyeri. Hata imamu huniita hivyo. Mimi si enjenyeri wa kitu chochote. Nilitoka shule katika darasa la tatu la sekondari, nikauza vitambaa dukani kwa baba yangu mkubwa, kisha nikanunua mashine moja kuukuu na kujifundisha kuchapa kwa vidole viwili. Wakati ule kompyuta ziliugua virusi kila wiki kwa sababu ya flashi za wateja. Ndipo fundi Patrike, yule kijana mrefu aliyekuwa akivuka kutoka Bukavu kutengeneza mashine za watu huku, akaniwekea mfumo mwingine, Linux. Aliniambia virusi vya flashi zile havitanisumbua tena, na kweli havikunisumbua. Akaniandikia amri kumi kwenye karatasi, nikaibandika ukutani.

Amri hizo kumi ndizo zilizonipa jina. Mteja akija kutafuta barua aliyoandika mwaka jana, mimi nafungua lile dirisha jeusi, naandika mstari mmoja wa herufi nyeupe, nabonyeza, na barua inatokea. Watu walikuwa wanaona miujiza. "Ee, Enjenyeri!" Salma, nilipenda ile "Ee" kuliko chai. Nilijua amri kumi, na ya kumi na moja sikuijua, lakini hakuna aliyejua kwamba siijui.

Wewe ulikuwa ukitoka shule unakuja kukaa pale juu ya katoni la karatasi, karibu na mguu wangu. Ulijifunza zote kumi kwa siku mbili. Nakumbuka nilivyokueleza ile ya kutafuta: unaandika find, halafu nukta, maana yake anzia hapa niliposimama uteremke mpaka folda ya mwisho, halafu -name, halafu jina la faili, na kama hukumbuki jina lote, weka nyota mahali pa herufi ulizosahau. Ukajaribu jina la uongo ili uone. Mashine haikusema kitu, ilishuka mstari mmoja ikasubiri. Ukaniuliza, "Papa, ikinyamaza ni kusema nini?" Nikakujibu haraka, kama mtu anayejua, "Ni kusema haiko."

Ndivyo nilivyoamini mwenyewe.

Mzee Atanazi alikuwa amezaliwa Congo kama wengi wa rika lake, akarudi huku na mkewe, Maman Esperansi, wakapata shamba la migomba Gashonga. Alipoanza kuugua alikuja kwangu Jumanne nne mfululizo, kwa moto, pikipiki ya abiria, amejifunga kitenge cha mkewe kiunoni kwa ajili ya baridi. Hakuja kwa barua ya kazi wala ya serikali. Alitaka niandike watu wake. Nani alimzaa nani, nani aliolewa wapi, nani alizikwa kilima gani, upande huu wa mto Rusizi na upande ule. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akafumba macho, akasema, "Andika juu kabisa: Batu Bangu." Na mimi nikaandika hivyo hivyo, kwa lugha yake, watu wangu.

Jumanne ya tatu alifika kwa shangazi yake mmoja, Nabintu, aliyeolewa kisiwani Nkombo zamani sana, kabla familia haijatawanyika. Alifumbua macho hapo. Akanigusa mkono juu ya vitufe vya klavie.

"Huyu usimusahabu, Papa Salma. Bale ba Nkombo banafikiri tulibasahabu."

"Nimeshamwandika, Mzee."

"Soma."

Nikamsomea. Ndipo akaendelea.

Sasa sikiliza kosa langu la kwanza, ambalo lilikuwa dogo, la uvivu tu. Mashine ilikuwa nzito siku ya kwanza, programu kubwa ya kuchapa ilikataa kufunguka. Nikachukua ile ndogo ya maandishi matupu. Badala ya kuanza faili jipya, nikafungua barua ya zamani ya mtu mmoja aliyekuwa akiomba kazi, nikafuta yaliyomo, nikaanza kuandika ya Mzee humo humo. Nilikuwa na mazoea hayo. Kila nilipohifadhi, kurasa za Batu Bangu ziliingia chini ya jina la barua ile: demande-emploi-2. Nilikusudia kubadilisha jina mwishoni. Mwishoni nikachapa nakala moja, Mzee akaikunja ndani ya bahasha, tukapeana mikono, na mimi nikasahau.

Akafariki baada ya mvua.

Maman Esperansi alikuja siku ya Jumatano. Unaikumbuka siku hiyo, nakujua, lakini ngoja niiseme kama nilivyoiona mimi, nikiwa nimesimama mahali pangu. Biro ilikuwa imejaa. Kulikuwa na walimu wawili wanasubiri mitihani yao, kulikuwa na yule mama wa duka la viatu, na vijana wa fotokopi. Wewe ulikuwa na sare ya shule, juu ya katoni lako. Maman Esperansi aliingia na nguo nyeusi, akasalimia kila mtu.

"Papa Salma, ile karatasi ya mzee iliharibika. Mvua iliingia mu valize ya nguo, wino yote ikaenda. Nilikuya unitolee ingine. Siku ya posho, hii Jumamosi, tunamaliza kilio, na baba mudogo wa batoto atasoma majina mbele ya batu bote."

"Haina shida, Maman. Dakika moja tu."

Nikafungua dirisha jeusi. Walimu wakasogea kuona. Nikaandika find, nukta, -name, Atanazi na nyota. Mashine ikanyamaza. Nikaandika kwa herufi ndogo. Ikanyamaza. Nikaandika Batu. Nikaandika Bangu. Kila mara ilishuka mstari mmoja ikabaki inapepesa kile kijiti chake. Jasho lilianza kunitoka nyuma ya masikio. Mwalimu mmoja akacheka, kwa wema tu, akasema, "Enjenyeri, leo mashine imekukatalia?"

Hapo wewe ukasimama. Ukasema, kwa sauti ya kawaida, kama unavyosema tukiwa wawili, "Papa, labda iko na jina ingine. Hii inaangalia jina tu, haiangalie ndani."

Salma, ulisema kweli. Uliijua kasoro ya kazi yangu ukiwa na miaka kumi na moja, na ningekupa dakika tano ungefungua mafaili moja moja mpaka ulipate. Lakini mimi sikusikia msaada. Nilisikia kwamba mtoto wangu ananisahihisha mbele ya walimu. Nikakuangalia, na neno likaja peke yake, tayari, kama lilikuwa likisubiri mdomoni. Kwa sababu juma lililotangulia ulikuwa umeniambia, kwa adabu yako, kwamba umefuta michoro yako ya zamani ili mashine ipate nafasi.

Nikasema, "Ni huyu mtoto. Juzi alifutafuta mambo mu mashine. Yeye njo alifuta na ya mzee."

"Papa, mi nilifuta tu madesen yangu..."

"Nyamaza. Omba Maman padon."

Niliona uso wako. Kwanza ulishangaa. Halafu ukaanza kuwaza, nikaona unawaza, unarudi nyuma katika kichwa chako kutafuta siku ile na kidole kile kilichofuta. Na mwisho uliamini. Hilo ndilo siwezi kuliondoa. Uliamini kwa sababu nilikuwa nimesema mimi. Ukachuchumaa, ukampa Maman Esperansi mikono miwili.

Akakuinua mwenyewe. "Inuka, mwanangu. Batoto njo vile bako. Tutakumbuka yenye tutakumbuka."

Watu wote wakakuangalia wewe. Hakuna aliyeniangalia mimi. Nilihisi nafuu, Salma. Naandika neno hilo kwa sababu ndilo la kweli: nilihisi nafuu.

Jumamosi nilikwenda Gashonga kwenye kumaliza kilio, kwa kuwa nilialikwa kama mtu aliyemwandikia marehemu. Hukuja, ulisema tumbo linakuuma, na sisi tukakuacha. Walikuwa wametandaza turubai juu ya uwanja. Mbele kabisa walikaa watu wa Nkombo, wanawake wanne na mzee mmoja mwenye kofia safi. Walikuwa wamevuka kwa mtumbwi alfajiri, wakapanda moto mpaka kule. Waliambiwa jina la bibi yao litasomwa, ndiyo maana waliwekwa mbele.

Mdogo wake marehemu alisimama bila karatasi. Akaeleza kwamba karatasi iliharibika na kwamba mtoto mmoja Kamembe alifuta nyingine kwa bahati mbaya. Watu wakaguna kwa huruma. Akaanza kutaja majina kutoka kichwani. Akachanganya, akasahihishwa, watu wakacheka kidogo, akaendelea. Akafika mwisho akasema, "Njo hao."

Yule mzee wa Nkombo akainua mkono. "Na Nabintu?"

"Nabintu ni nani?"

Alikuwa anauliza kweli, hakukusudia kumvunjia mtu heshima. Hakuwahi kusikia. Aliyejua alikuwa kaburini.

Na mimi, Salma. Jina lile lilipotoka mdomoni mwa yule mzee, Jumanne ya tatu ilinirudia yote, na mkono wa Atanazi juu ya mkono wangu. Ningeweza kusimama. Ningesema tu, "Nabintu ni shangazi yake, aliolewa Nkombo, Mzee aliniambia tusimsahau." Maneno tisa. Lakini nilifikiri, nikisimama wataniuliza na mengine ninayoyakumbuka, na nani hasa alipoteza faili, na mazungumzo yatafika mahali nisipotaka yafike. Nikashika chupa yangu ya Fanta kwa mikono miwili, nikatazama chini.

Watu wa Nkombo wakakaa kidogo zaidi, kwa adabu. Halafu yule mzee akasema mtumbwi hautawasubiri. Wakaaga mmoja mmoja, wakaondoka kabla ya chakula kutolewa. Masufuria yalikuwa bado motoni.

Nyumbani uliniuliza, "Papa, walisoma majina?" Nikakujibu, "Walisoma." Ukasema, "Yote?" Nikakuambia nenda ukalale.

Miezi ikapita, maharagwe yakavunwa. Fundi Patrike akaja kunibadilishia diski. Alipokuwa akinakili mafaili aliniona natafuta kitu kwa njia yangu, nabahatisha jina, napata kimya, nabahatisha jingine. Akacheka.

"Enjenyeri, miaka hii yote unatafutaka hivi?"

"Sasa nitafute namna gani?"

"Hiyo inasoma jina ya nje tu. Na tena kwa hiyo mashine herufi kubwa na ndogo si kitu kimoja, uandike -iname kama hutaki kuhangaika. Hujue jina? Tafuta kwa siku yenye uliandikia. Hujue siku? Tafuta neno yenye iko ndani."

"Ndani ya faili?"

"Ndani. Ndani ya yote, mara moja."

Akachukua kalamu, akaniandikia chini ya zile kumi: grep -ril, halafu neno, halafu nukta. Ya kumi na moja. Akafungasha vyombo vyake akaenda kula.

Nilibaki peke yangu. Sikuwaza sana. Niliandika grep -ril nabintu, nukta, nikabonyeza. Ikafikiri kidogo. Halafu mstari mmoja ukatokea, mmoja tu, una jina la barua ya kuomba kazi.

Nikaifungua. Batu Bangu, juu kabisa. Kurasa zote sita, hata nukta hakuna iliyopungua.

Unajua nilifanya nini? Nilizima skrini. Bironi hapakuwa na mtu, lakini niliizima kana kwamba kuna mtu ataona.

Ningeweza kukungojea pale pale. Ulikuwa unatoka shule saa nane. Ningekuambia, "Salma, ulisema kweli, lilikuwa na jina lingine." Ungefurahi, ningekuomba msamaha, ungesahau ndani ya juma moja kama watoto wanavyosahau. Badala yake nilichapa nakala mbili, nikapanda moto mpaka Gashonga, nikamkabidhi Maman Esperansi, na nikamdanganya mara ya pili. Nilimwambia, "Fundi amefaulu kufufua chenye mtoto alifuta."

Alilia. Alibusu karatasi. Halafu akaingia shambani na panga, akakata chane nzima ya ndizi mbivu, akaniambia, "Hizi ni za Salma. Umwambie asikuwe tena na huzuni, karatasi ilipatikana."

Nilikuletea ndizi. Nilikuambia, "Maman Esperansi anakusalimu." Sehemu ya pili ya ujumbe wake sikuisema. Nilijua kwamba ukisikia faili limepatikana utataka kuliona, na ukiona jina lake tu, utaelewa kila kitu kwa dakika moja. Ulikula mbili. Ulisema ni tamu. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nakuangalia unavyokula.

Hukurudi tena kukaa juu ya katoni. Nilipokuita unisaidie kuchapa ulisema una masomo. Mama yako aliona ni kukua. Mimi nilijua ni nini, lakini nilimwachia mama yako aendelee kuona ni kukua.

Kisha ukaanza ile tabia. Mara ya kwanza niliyoiona, glasi ilivunjika jikoni, na wewe ulikuwa uani unafua. Ukaja mbio na povu mikononi ukasema, "Padon, Maman, ni mimi." Mama yako akacheka, akakuambia ni paka. Mimi sikucheka. Baadaye nikawa naisikia kila mahali. Umeme ukikatika, padon. Mvua ikilowesha nguo za watu wengine kwenye kamba, padon. Ulipokuwa sekondari, mwalimu wako mmoja alikutana nami sokoni akanieleza kwamba kioo cha darasa kilivunjika, na kabla hajamaliza kuuliza ulikuwa umeshainua mkono, mpaka wenzako wakasema siku hiyo hukuwepo hata shuleni. Akaniambia, "Umelea mtoto anayekubali makosa yake. Hongera, Enjenyeri."

Nikasema asante. Nilipokea hongera ile, Salma, pale pale katikati ya watu wa nyanya, na kwenda zangu.

Sasa unakwenda kusomea ukunga. Nimefurahi, sitaki udhani sikufurahi. Lakini tangu jina lako litoke kwenye orodha ya waliochaguliwa, usingizi wangu si mzuri. Nawaza ile kazi. Katika wodi ya wazazi kuna siku mambo yataharibika, si kwa mkono wako, na kutakuwa na mtu mzima mwenye cheo, mwenye jina analolipenda, ameloa jasho nyuma ya masikio, anaangalia huku na huku kutafuta wa kumbebesha. Namfahamu mtu huyo vizuri. Na naona mkono wako unavyoinuka kabla hajauliza.

Sijui nikufundishe nini kuhusu hilo. Mimi si wa kukufundisha. Ninachoweza ni kukueleza mkono ule ulianza kuinuka wapi, na nani aliuinua.

Jumapili iliyopita, mliponingoja na chakula kikapoa, nilikuwa Gashonga. Nilikwenda kwa Maman Esperansi. Amezeeka, anatembea na fimbo, lakini alinijua kwa sauti. Aliniketisha, akamwita mjukuu wake alete maji ya kunawa. Nikamwambia asilete kwanza. Nikamweleza yote, tangu jina la barua ya kazi mpaka ndizi.

Nilitegemea kwamba atasema ni mambo ya zamani. Hakusema.

"Ile karatasi, Papa Salma, niko nayo. Juu ya karatasi sina neno. Lakini mi nilisamehe mtoto. Kila siku mu maombi, miaka yote hii, nasema, Mungu, yule mtoto wa Kamembe nilimusamehe. Sasa unaniambia hakukuwa na kosa. Ile musamaha niipeleke wapi?"

"Sijui, Maman."

"Na bale ba Nkombo. Tulibatumia karatasi, lakini hawakurudi tena. Mpaka leo banasema ni mtoto wa Waislamu wa Kamembe njo aliharibu."

Akaivuta fimbo yake karibu.

"Mtoto anajua?"

"Hapana."

Akamwita tena mjukuu, akamwambia asiyalete tena yale maji. Akanigeukia. "Hutakula kwangu leo. Enda umwambie mtoto. Ukimaliza kumwambia, urudi, njo utakula."

Ndivyo nilivyotoka. Sijawahi kunyimwa chakula katika nyumba ya mtu maisha yangu yote, na nilishuka kilima kile naona amenitendea haki.

Tangu Jumapili nimejaribu mara mbili. Mara ya kwanza ulikuwa unasali, nikangoja, ulipotoa salamu nikakuta nimeshatoka nje. Mara ya pili ni juzi, tulipokwenda kununua valize. Nilisimama katikati ya njia, nikakuita jina, na wewe ukageuka haraka ukasema, "Padon, Papa, nimekuchelewesha." Nikakuambia twende tu.

Kwa hiyo barua. Lakini si barua ya kukuwekea chini ya nguo ili uikute Kigali, mimi nikiwa mbali na salama. Nilifikiri hivyo mwanzoni, nitakiri, na nilipenda sana wazo hilo. Ungesoma peke yako katika kitanda kigeni, ungelia au ungekasirika, halafu ungenipigia simu ukiwa umeshatulia, na mimi nisingeona kitu. Hapana. Kesho asubuhi baada ya chai nitakupa mkononi, na nitakaa mbele yako mpaka uimalize. Mama yako hajui neno hata moja. Nitamweleza mimi mwenyewe, mbele yako au ukishaondoka, kama utakavyotaka wewe.

Usinihurumie haraka. Najua moyo wako, utataka kunirahisishia. Kama una hasira, nionyeshe. Kama unataka kunyamaza, nyamaza, sitadhani kwamba hakuna kitu. Kama unataka kuniuliza, uliza yote, hata yale niliyoyapunguza humu bila kujua. Na ukitaka twende kwanza Gashonga, au Nkombo, mimi niko tayari kusimama mbele ya watu wale na kutaja jina langu mahali pa lako. Usipotaka, nitakwenda peke yangu juma hili hili.

Mchana nilipita gare, pale stendi, kuulizia mabasi. La kwako ni la kesho saa tatu. Wameniambia kuna lingine saa tano, na lingine saa saba, na nafasi zipo.

Papa yako